Tangi Lililolala Limejaa: Kisa cha Simu Kuukuu Iliyowekwa Dirishani

Nyumba inayohusika na kisa hiki ipo Tabata, Dar es Salaam. Ina vyumba sita: mwenye nyumba, ambaye ni mama yangu mkubwa, anakaa vyumba viwili vya mbele pamoja na binti yake wa mwisho, na vyumba vinne vinavyobaki vimepangishwa. Uani kuna bafu na choo cha pamoja, kamba za kuanikia nguo, bomba moja la kuchotea maji, na kwenye kona ya ukuta wa nyuma umejengwa mnara wa matofali wa kama mita 3 uliobebeshwa simtanki la lita 2,000. Maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi kuanzia saa 2 usiku, na hukatika wakati watu wamelala. Tangi hilo ndilo tegemeo la nyumba nzima, na wapangaji huchangia ankara ya maji kila mwezi kwa kuhesabu vichwa.

Kwa miezi miwili mama mkubwa alikuwa na lalamiko moja, kwamba tangi linalala limejaa na kuamka nusu. Halikuwa jambo la kila siku. Zingeweza kupita siku nne bila tatizo, kisha usiku mmoja maji yakashuka kiasi kwamba anayewahi kuamka anakuta bomba la uani linakohoa hewa. Mwanzoni alidhani tangi limepata ufa, akampandisha mtu juu ya mnara, lakini hapakuonekana unyevu wowote, si kwenye tangi wala chini kwenye matofali. Baada ya hapo macho yote yakamgeukia mpangaji wa chumba cha mwisho, kijana ambaye ni konda wa daladala. Hurejea nyumbani karibu saa 5 usiku, huoga wakati wengine wamelala, na aliwahi kuonekana akitoka getini na madumu mawili. Alieleza kwamba madumu yalikuwa matupu na ni ya dada yake anayekaanga chipsi, lakini maelezo hayo hayakumsaidia. Nilipofika Jumamosi moja kumjulia hali mama mkubwa, alikuwa amekwisha kumdokeza mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba atampa kijana notisi, ila angependa kwanza amkamate.

"Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Nitafutie kamera," aliniambia kabla sijamaliza kunywa chai.

Fundi wa kamera za CCTV alikwisha kufika na kumwandikia gharama za kamera nne, mashine ya kurekodia, diski na nyaya, na karatasi hiyo ilikuwa imekunjwa chini ya kopo la sukari, dalili tosha kwamba haitatekelezwa. Mimi nilikuwa na simu ambayo nilikuwa nimeiacha kabatini tangu nilipobadilisha: kioo kimepasuka kona, mfumo ni Android 6, kumbukumbu ya ndani ni GB 8 ambazo nusu yake imemezwa na mfumo wenyewe. Kwa kupiga picha za harusi haikufaa tena. Kwa kukaa mahali pamoja na kuangalia kitu kimoja ilikuwa na kila kilichotakiwa, pamoja na kitu ambacho kamera nyingi za bei nafuu hazina, yaani betri yake yenyewe.

Wazo hili si geni. Alfred, programu iliyotengenezwa Taiwan na kutolewa mwaka 2014, huunganisha simu mbili, moja ikawa jicho na nyingine ikawa ya kutazamia, na ikiona kitu kinatembea hutuma arifa. Haven, iliyotolewa Desemba 2017 na Guardian Project pamoja na Freedom of the Press Foundation, ambako alihusika Edward Snowden, Mmarekani aliyefichua upelelezi wa siri wa serikali ya nchi yake, ilifuata njia nyingine: hutumia kamera, maikrofoni na vihisi vya simu kugundua mwendo, sauti, mabadiliko ya mwanga na hata mtikisiko wa simu yenyewe. Zote mbili zimejengwa juu ya wazo kwamba simu ibaki kimya mpaka jambo litokee. Wazo hilo linafaa kwa anayetaka kujua kama mlango umefunguliwa, na nililichukua bila kujiuliza kama ndilo linalotufaa sisi. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza.

Niliiweka simu ndani ya stoo, kwenye dirisha linaloangalia uani, nikaiegemeza kwenye kopo la rangi nyuma ya nondo na wavu wa mbu, na nikaipanua picha ili uani wote uonekane, kuanzia mlango wa bafu hadi geti dogo. Nikaiwekea programu ya kutambua mwendo, nikaiunganisha na ruta ya binti, nikaondoka. Usiku huo simu yangu ilipokea arifa zaidi ya 200. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, na taa ya uani ikawaita kumbikumbi ambao walijaa mbele ya kamera mpaka picha zikaonekana kama televisheni iliyokosa antena. Walipopungua, kanga iliyosahauliwa kambani ikaendeleza kazi kwa kupepea. Picha zilizokuwa na mtu zilionyesha umbo la kijivu tu, kwa sababu lenzi ilikuwa imeamua kwamba kitu muhimu zaidi mbele yake ni wavu wa mbu, ikauonyesha wavu kwa ufasaha wa kupendeza na kuuacha uani wote ukungu. Tatizo la wavu dawa yake ni rahisi: lenzi ikigusishwa kabisa kwenye wavu, nyuzi zake huwa karibu mno kiasi cha kutoonekana, na kamera hulazimika kuangalia mbali. Kumbikumbi hawana dawa ya namna hiyo.

Jambo zito zaidi lilikuja asubuhi. Mpangaji wa chumba cha tatu, mama mwenye watoto wawili, aliiona simu dirishani na akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo kwa watu wazima huashiria hasira zaidi ya kelele, kama wenye nyumba wameamua kumpiga picha akitoka kuoga na khanga moja. Hakukuwa na jibu. Mlango wa bafu ulikuwa katikati kabisa ya picha, na hakuna aliyeulizwa wala kuarifiwa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa faragha ya nafsi yake, familia yake na maskani yake, na mpangaji anayelipa kodi ana maskani kama alivyo nayo mwenye nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wazi zaidi kwamba taarifa za mtu anayetambulika hazikusanywi kiholela. Hata kama isingekuwapo sheria yoyote, uani wa pamoja una adabu yake. Nilimwomba radhi, nikaizima simu, na nikamwambia mama mkubwa kwamba kamera haitarudi mpaka tukae na wapangaji wote.

Kikao hicho kilifanyika jioni ya Jumapili barazani, na kwa maoni yangu ndicho kilichokiokoa kisa chote, kwa sababu kilinilazimisha kueleza kwa maneno kamera inatafuta nini. Nilipoanza kusema "tunataka kumwona anayechukua maji", konda alinikatiza kwa heshima. "Kaka, hapo umeshasema kuna anayechukua," alisema. Alikuwa sahihi. Sote tulikuwa tumeanza na mwizi, tukabaki kumtafutia sura. Swali ambalo lingeweza kujibiwa bila kumwonea mtu lilikuwa jingine: maji yanashuka saa ngapi, na wakati yakishuka kuna nini karibu na tangi? Kwa swali hilo kamera haikuhitaji kuona bafu, milango ya vyumba wala geti. Ilihitaji kuona tangi, mnara na bomba la uani lililo chini yake, basi. Wapangaji wakakubali kwa masharti mawili, kwamba kila mmoja aruhusiwe kuangalia simu inaona nini wakati wowote, na kwamba picha zisitumwe mahali popote.

Shida ni kwamba simtanki ni jeusi na halionyeshi kina cha maji. Nikatumia njia ambayo wazee wa Tabata walikuwa nayo kabla ya simu. Tulichukua kidumu cha lita 5, tukakitia maji kidogo ili kiwe na uzito lakini kielee, tukakifunga kamba na kukitumbukiza ndani ya tangi. Kamba ikapita ukingoni mwa mfuniko, na upande wa nje ikaning'inizwa chupa ndogo yenye mchanga iliyopakwa rangi nyeupe. Maji yakishuka, kidumu hushuka nayo na chupa ya nje hupanda. Ubavuni mwa tangi nikabandika vipande vya tepu nyeupe kila baada ya sentimita 10. Tangi lina upana wa kama mita 1.2, hivyo kila mstari ambao chupa inaupanda ni sawa na takriban lita 110 zilizotoka.

Programu nayo ikabadilishwa. Badala ya kusubiri mwendo, sasa ilipiga picha moja kila dakika, iwe kuna jambo au hakuna. Uamuzi huu ndio ninaotaka msomaji autazame kwa makini. Programu inayosubiri mwendo ikikaa kimya usiku kucha, ukimya huo una maana mbili: ama hapakutokea kitu, ama programu ilikuwa imelala. Hakuna njia ya kuzitofautisha baadaye. Programu inayopiga picha kila dakika huacha alama kwamba ilikuwa macho. Ikikosekana picha ya dakika fulani, pengo linaonekana. Kwa usiku mmoja wenye urefu wa saa 9 zilitarajiwa picha 540, na zikiwa ndogo za kama KB 200 kila moja hazifikii hata MB 110. Kurusha video moja kwa moja kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde kungekula karibu MB 450 kila saa, yaani zaidi ya GB 4 kwa usiku mmoja, na bando la binti lingekwisha kabla ya wiki.

Kuzihifadhi picha ndani ya simu kulikuwa pia na sababu ya usalama. Simu yenye Android 6 ilikwisha kuacha kupokea marekebisho ya usalama miaka mingi iliyopita. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya usalama vya taasisi iitwayo Let's Encrypt, vinavyoithibitishia simu kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa, na simu zilizo chini ya Android 7.1.1 hazikitambui cheti kikuu cha taasisi hiyo. Njia ya muda iliyowekwa kuzisaidia ilifikia mwisho Septemba 2024. Kifaa cha namna hiyo sikuona sababu ya kukiacha wazi kwenye intaneti kikiwa na akaunti ya mtu yeyote. Nilikifuta kila kitu kikarudi kama kilivyotoka dukani, nikakiacha bila laini na bila akaunti. Katika kuharakisha hatua za mwanzo za kukiwasha upya nikabonyeza "ruka" kila kilipouliza swali, jambo ambalo nililijutia siku tatu baadaye.

Betri nayo ilikaribia kutuangusha. Stoo ina paa la bati lisilo na dari, na mchana wa Februari hewa ya chini ya bati hilo ni kama ya tanuri. Watengenezaji wengi wa simu hushauri kifaa kisitumike kwenye joto linalozidi nyuzi 35, na ushauri huo haukuandikwa kwa kubahatisha: betri ya lithiamu ikikaa imejaa kabisa, yaani karibu volti 4.2, huku ikipikwa, kemikali zake huanza kuvunjika na kutoa gesi. Siku ya pili binti alinitumia picha ya mfuniko wa nyuma ulioinuka kama andazi. Nilimwambia aichomoe mara moja, aiweke nje kwenye sakafu ya simenti mbali na nguo, asiibonyeze wala asijaribu kuitoboa. Bahati nzuri simu hiyo ni ya aina ambayo betri hutoka. Nilipata nyingine Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na tangu hapo simu ilikaa ndani mchana, ikaenda dirishani baada ya chakula cha usiku tu. Naamini watu wanaoacha simu kuukuu kwenye chaja mwaka mzima nyuma ya pazia wanajitafutia moto, na ningependelea wakose picha kuliko wapate moto.

Usiku wa tatu wa mpangilio mpya maji yalishuka. Asubuhi binti alinitumia picha tatu kwa WhatsApp, na chini yake ujumbe mfupi: "Kaka, tumemjua." Picha ya kwanza, iliyoandikwa 23:13 kwenye kona, ilionyesha chupa nyeupe ikiwa chini kabisa, ishara kwamba tangi limejaa. Ya pili, ya 23:31, ilionyesha chupa imeukaribia mstari wa kwanza. Ya tatu, ya 01:50, chupa ilikuwa kwenye mstari wa nane. Katika picha zote tatu hapakuwa na mtu, lakini jambo hilo halikumshughulisha mama mkubwa. Kilichomshughulisha ni saa. Maji yalianza kushuka saa 5 na robo usiku, saa ileile ambayo konda hurudi na kuoga. "Atakuwa amefunga mpira kwa upande ambao kamera haioni," alisema, na alikuwa na hakika kiasi kwamba karatasi ya notisi ilikwisha kuandikwa kwa mkono wa binti, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Nilimwomba binti asimpe mtu karatasi yoyote mpaka nifike, nami nikafika jioni hiyo. Picha tatu zilizochaguliwa na mtu ambaye tayari ana jibu zina thamani ndogo, hata kama kila moja ni ya kweli. Nilitaka kuziona zote 540, kwa mfuatano. Nikaketi kitandani kwa mama mkubwa, simu mkononi, nikaanza kuzipitisha kwa kidole. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa 18:27. Hapo nilisita, kwa kuwa nje kulikuwa giza totoro wakati Dar es Salaam saa hiyo jua la Februari huwa bado halijazama sawasawa. Nikaruka hadi mwisho. Picha ya 03:10 ilionyesha anga la nyuma ya mnara likianza kuwa jeupe, na ya 03:25 majani ya mwembe wa jirani yalikuwa yanahesabika. Kwa mujibu wa simu ile, Tabata ilikuwa imepambazukiwa saa 9 na dakika 10 usiku.

Kosa lilikuwa langu. Niliporuka maswali ya kuwasha simu upya, saa za eneo zilibaki zile za Greenwich, na kwa kuwa simu haikuwa na laini hapakuwa na mtandao wa kuirekebisha. Saa za Afrika Mashariki zimetangulia kwa saa 3. Picha iliyoandikwa 23:14 ilipigwa saa 8:14 usiku, wakati ambapo konda alikuwa amelala kwa saa nyingi. Tena alikuwa ameonekana: katika picha iliyoandikwa 20:07, ambayo kwa saa yetu ni 5:07 usiku, alikuwa ameinama kwenye bomba la uani na ndoo moja, taulo begani. Katika picha ya 20:09 hayupo tena. Chupa nyeupe haikusogea hata kidogo kati ya picha hizo, na ilibaki palepale kwa saa 3 zilizofuata.

Mama mkubwa aliitazama ile picha ya ndoo kwa muda mrefu, akairudia. "Kumbe anaoga na ndoo moja tu," alisema hatimaye, kama mtu anayezungumza na simu.

Hata hivyo sikuwa tayari kusema kwamba kijana amesafishwa, na sababu yake ilikuwa kwenye picha zenyewe. Nilipozihesabu zilikuwa 471, si 540. Pengo lilikuwa kati ya saa 9:20 na saa 10:29 usiku. Umeme ulikuwa umekatika. Betri mpya ilikuwa na chaji ya kutosha, kwa hiyo nilitarajia simu iendelee, lakini kuanzia Android 6 mfumo una tabia ya kulaza programu pale simu inapokuwa haijaunganishwa na chaja, imetulia mahali pamoja na kioo kimezimwa. Wakati wote ilipokuwa kwenye umeme ilikuwa salama; umeme ulipokatika ilitimiza masharti yote matatu kwa pamoja, ikalala, mpaka umeme uliporudi. Mtu mwenye nia ya kubishana angesema kwamba katika dakika 69 hizo lolote lingeweza kutokea, na asingekuwa na kosa kusema hivyo. Nilichoweza kujibu ni kwamba chupa ilianza kupanda saa nzima kabla ya pengo, bila mtu, kwa mwendo ambao haukubadilika: baada ya pengo ilikutwa pale hasa ambapo ingetarajiwa kuwa kama ingeendelea vilevile. Maji yaliyotoka ni karibu lita 900 kwa saa 2 na dakika 36. Kwa ndoo za lita 20 hizo ni ndoo 45, na sakafu ya simenti chini ya bomba ilionekana kavu katika kila picha iliyokuwapo.

Kama shauri hili lingefika mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kingemtaka hakimu apime jinsi ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, na kama uasilia wake umelindwa. Picha tatu za WhatsApp zenye saa iliyokosea zingeanguka kwenye kipimo hicho asubuhi na mapema. Picha 471 zilizokuwa bado ndani ya simu, zenye mfuatano, pengo linaloelezeka na alfajiri inayosahihisha saa, zingekuwa na cha kusema. Sisi tulikuwa barazani tu, lakini sikuona kwa nini mtu afukuzwe chumbani kwa ushahidi ambao hakimu asingeupokea.

Tulirekebisha saa, tukaiondoa programu kwenye orodha ya zile zinazolazwa ili kutunza betri, na tukaacha kioo kiwake kwa mwanga hafifu kikiwa kimefunikwa na kipande cha kitambaa cheusi ili kisiakisi. Kisha fundi bomba akaitwa. Alisikiliza maelezo, akauliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: siku ambazo tangi linapungua, maji ya mtaani yanakuwepo asubuhi au hayapo? Binti ndiye aliyekumbuka kwamba hayapo. Fundi akaonyesha kwa kidole bomba linalotoka kwenye mita. Nyumba hiyo ina bomba moja tu la kupandisha maji na kuyashusha, likiingilia chini ya tangi. Mtaani kukiwa na msukumo maji hupanda. Msukumo ukiisha, kitu pekee kinachoyazuia yasirudi yalikotoka ni valvu ya njia moja iliyofungwa karibu na mita. Valvu ikishindwa kufunga, tangi lililo juu ya mnara hugeuka kuwa chanzo cha maji cha majirani wote walio bondeni.

Hatukuifungua siku hiyohiyo. Nilitaka kwanza jaribio ambalo lingemaliza ubishi, na fundi akakubali. Kwa siku tatu mfululizo binti alifunga koki ya kwenye mita kila alipoona tangi limejaa, na simu ikaachwa ifanye kazi yake. Usiku wa kwanza na wa tatu maji ya mtaani yalikatika. Picha zilikuwa kamili usiku wote mitatu, pamoja na umeme kukatika tena mara moja, na chupa nyeupe haikupanda hata nusu ya mstari. Usiku wa nne koki iliachwa wazi kwa makusudi. Saa 7:40 usiku chupa ikaanza safari.

Fundi alipoifungua valvu alikuta mchanga, na kwenye mdomo wake kipande cha utepe mweupe, wa aina ambayo mafundi huzungushia nyuzi za mabomba kuzuia yasivuje. Utepe huo ulikuwa umekunjamana na kukaa kati ya kifuniko na kitako chake, ukaacha mwanya wa kupitisha wembe. Yawezekana uliachwa na fundi aliyefunga bomba, ukasafiri taratibu kwa miaka mpaka ukafika hapo. Kwa kuwa mchanga nao ulikuwa ukija na kuondoka na maji, kuna siku valvu ilijifunga vizuri na kuna siku haikujifunga, na ndiyo maana lalamiko halikuwa la kila siku. Akaibadilisha, akaweka na chujio kabla yake.

Mama mkubwa hakumwomba kijana radhi kwa maneno, ila mwisho wa mwezi mchango wake wa maji haukudaiwa, na yeye hakuuliza. Alichouliza ni picha. Kwa mujibu wa makubaliano ya barazani tulikaa tena, wapangaji wanne, binti na mimi, nikaonyesha picha ngapi zipo na ni za usiku upi, nikazifuta zote mbele yao, kisha nikaifuta simu yote kwa mara ya pili. Safari hii iliponiuliza saa za eneo nilichagua Dar es Salaam. Mama wa chumba cha tatu alisimama dirishani akaangalia mwenyewe kama kopo la rangi limeondolewa. Chupa nyeupe hakuna aliyetaka iondolewe. Bado inaning'inia ubavuni mwa tangi, na watoto wake huisoma kila asubuhi kabla ya kwenda shule na kuwatangazia wengine tangi liko mstari wa ngapi.